Nimemsikia Mume Wangu Kwenye Diski ya Tathmini

Mpendwa Bi. Muriel,

Nisaidie mawazo kabla mdomo wangu haujaniponza, maana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nimelala usingizi wa kushiba, na papo hapo nina jambo limenikaa kooni, silimezi wala silitemi.

Mume wangu Trevor ana miaka sitini na moja, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli hapa mjini Barrow tangu atoke shule, mpaka mwaka juzi alipopatwa na kiharusi akiwa kwenye foleni ya kununua mkate, na tangu siku hiyo mkono na mguu wa kulia vimekuwa kama ameviazima kwa mtu, anatembea na fimbo, vifungo vya shati namfunga mimi, nyama namkatia mimi jikoni kabla sahani haijafika mezani ili asionekane amekatiwa. Ukimuuliza hali anajibu si haba, hata ukimkuta kalala chini atakwambia si haba, ndivyo walivyo wanaume wa kwao, baba yake alikata roho akisema si haba.

Mwaka jana tuliomba posho ya ulemavu ya serikali, akaitwa kupimwa kwenye ofisi moja mji wa pili, akaingia peke yake kwa sababu alisema hahitaji yaya, na ripoti ilipokuja ilisema anaoga mwenyewe, anapika mwenyewe, anavaa mwenyewe, tukanyimwa, na mimi nikapandwa na hasira nikasema yule mpimaji ni mwongo wa kutupwa, nikamwambia kila aliyenisikiliza na wengine ambao hawakutaka kunisikiliza, hadi muuza samaki. Binti yetu Kerry akasema, “Mama, ombeni tena, na safari hii irekodiwe. Tuone watadanganya vipi.” Basi nikapiga simu mimi, nikahamishwa kwa huyu na yule, mwishowe wakakubali, wakasema mpimaji atakuja nyumbani na mashine yake na sisi tutapata nakala yetu.

Alikuja mama mmoja muuguzi anaitwa Yvonne, mtu mzima kama mimi, mpole, akaweka mashine mezani katikati ya biskuti, akataja tarehe na majina yetu, akaanza kuuliza. Akimuuliza Trevor kuhusu kuvaa, Trevor anasema si haba, mimi nasema usimsikilize, namvalisha mimi. Akimuuliza kuhusu kula, Trevor anasema anajimudu, mimi nasema anajimudu wapi, juzi kamwaga mchuzi wote mapajani. Yvonne akaniomba kwa adabu nimwache ajibu, akaniomba tena, mara ya tatu mvua ikaanza kunyesha na nguo zilikuwa kambani uani, nikaona heri nitoke nikazianue kabla sijasema neno la kujutia. Niliporudi nimekumbatia mashuka, niliwakuta wanazungumza habari za mpira, na Trevor amejipangusa uso. Nikaketi kuyakunja.

Bi. Muriel, posho imekubaliwa! Barua ilikuja, Trevor akaisoma amesimama dirishani, akasema, “Basi gari halitauzwa,” akaenda kukaa, na mimi niliingia stoo ya chini ya ngazi nikalia nikiwa nimeshika mpini wa ufagio, kwa sababu lile gari ndilo linalompeleka mazoezini na bila mazoezi mguu ule utakauka, tulikuwa tumeshampata hadi mnunuzi.

Siku chache baadaye ikaja bahasha yenye diski, jina la Trevor juu yake, nami barua zote nazifungua mimi kwa sababu ya mkono wake. Nyumbani hatuna tena kitu cha kuchezea diski ila ndani ya gari, basi nilipokwisha kumshusha mazoezini kwenye ukumbi wa kanisa nikaenda kuegesha pale supamaketi, nikaiweka, nikitaka tu kumsikia yule Yvonne akishindwa kudanganya. Kwanza nikajisikia mimi. Sikujua ninaongea hivyo, naongea kama bomba lililopasuka, maskini mtu anavuta pumzi ajibu na mimi nimeshajibu. Halafu nikasikia mlango wa uani ukifungwa, kimya kikapita, ndipo Yvonne akasema, “Haya Trevor, tuko wawili. Akiwa hayupo inakuwaje?”

Na Trevor wangu akasema, “Naanguka.”

Akasema huwa anaoga nikiwa kazini, kwa sababu akioga nikiwepo nikamsikia kaanguka nitaacha kazi, na kazi yangu ya jikoni pale shuleni ndiyo inayonichekesha, kwaya nimeshaiacha kwa ajili yake na hataki kuniondolea na hiyo. Akasema akianguka hukaa pale chini kwenye vigae mpaka nguvu zirudi, mara nyingine maji yanapoa kabisa, kisha anajivuta kuvaa nguo isiyo na vifungo, nami nikirudi anasema alikuwa anasoma gazeti. Lile jeraha la ubavuni aliloniambia alilipata kwa kugonga mlango wa banda la vifaa, kumbe lilitokana na sinki. Yvonne akamuuliza kwa nini asiniambie. Akajibu akinitaja kwa jina, “Glynis akianza kunisemea, nahisi niko ndani ya jeneza na yeye ndiye anasoma wasifu wa marehemu. Ananisifu vizuri, lakini nimeshakufa.” Wakacheka wote wawili, kisha akasema, “Ananisemea kwa sababu anaogopa. Najua. Usimwambie.” Yvonne akamwambia hatasema, ila ataandika kwenye ripoti kwa sababu ndiyo kazi yake, na Trevor akasema andika.

Nililia pale maegeshoni mpaka mwanamke wa gari la pembeni akagonga kioo kuniuliza kama nahitaji mtu. Lakini nitakwambia kitu cha ajabu, ndani ya kilio kile kulikuwa na nafuu, kubwa kuliko hata ya barua ya posho, kwa sababu muda wote huu nilijua kuna kitu na nikawa najiona mwendawazimu, na pia kwa sababu hatimaye mtu huyu amemwambia mtu.

Sasa shida ni hii. Sijamwambia kwamba nimesikia. Naomba ruhusa kazini nirudi mapema, nasimama nje ya bafu nimebana pumzi, juzi akafungua mlango ghafla akaniuliza natafuta nini pale, nikasema natafuta soksi. Dada yangu Pauline anasema ninyamaze, mwanamume ukimvua heshima yake hutamrudishia, Kerry anasema nimwambie hata leo. Mimi naogopa nikisema atajua nimesikia aliyosema kwa siri na hatamwambia mtu yeyote kitu tena maisha yake yote, na nikinyamaza naogopa siku moja nitarudi nimkute vigaeni amekwisha. Nifanyeje?

Wako,
Mwenye Nafuu na Hofu, Barrow

*

Mpendwa Mwenye Nafuu na Hofu,

Barua nyingi hukaa mezani kwangu zikisubiri zamu. Yako haikukaa. Mtu anayeanguka bafuni hasubiri gazeti litoke, ndiyo maana nilikupigia simu palepale, kwa namba uliyoniandikia, na kukutoa kwenye masufuria ya shule. Niliyokwambia ninayaandika hapa kwa sababu nyumba za namna yenu ni nyingi, na kwa sababu wewe na mumeo mmeniruhusu. Majina yote si yenu, na wasomaji wasijisumbue kubahatisha.

Kwanza, pole, na hongera. Usione haya kufurahi. Mlibeba mzigo usio wenu wa kuthibitisha kwamba mtu aliyeumia ameumia, na sasa mmeutua. Lia stoo, lia garini, lia popote upendapo.

Sasa nikuseme kidogo.

Bahasha ilikuwa na jina la nani? Kumfungulia mtu barua kwa sababu mkono wake hauwezi ni wema. Kusikiliza yaliyomo bila kumwuliza ni jambo jingine, nawe unalijua, la sivyo usingekwenda kujificha kwenye maegesho ya supamaketi. Mlimwomba yule muuguzi arekodi ili mumnase mwongo. Mmewanasa wawili, na hakuna hata mmoja aliyetoka ofisini. Mumeo anasema si haba akiwa kalala chini. Wewe unatafuta soksi mlangoni pa bafu.

Na yule mpimaji wa kwanza uliyemtangaza hadi kwa muuza samaki, je, una hakika alidanganya? Mimi sikuwepo, na wewe hukuwepo. Wapo wanaoandika ovyo, hilo silikatai, na barua zao ninazo tele. Lakini jiulize mtu akiulizwa kama anaoga mwenyewe akajibu ndiyo, kama anapika akajibu si haba, huyo mwenye kalamu aandike nini? Tofauti ya Yvonne ni kwamba alisubiri. Aliacha kimya kipite mpaka ukweli ukatoka wenyewe. Ungempa nafasi mapema, labda usingelazimika kuanua nguo kwenye mvua.

Dada yako Pauline anakupenda, lakini hapa amekosea. Heshima ya mtu haiko kwenye kuachwa sakafuni maji yakipoa. Na hofu yako kwamba Trevor hatasema tena neno haina mashiko. Alijua mashine inanasa. Alijua nakala inakuja nyumbani, na anajua ni nani afunguaye barua. Sisemi alipanga. Nasema mtu anayetaka siri yake ife haisemi mbele ya kinasa sauti chenye taa nyekundu.

Kwa hiyo nilikwambia umwambie siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu wanaume wa Barrow wakishashiba husinzia. Usianze na “najua unaanguka,” maana hapo unamshtaki. Anza na lako: nimefungua bahasha yako, nimesikiliza, sikukuuliza, nisamehe. Mpe diski mkononi. Kisha ufunge mdomo, hata kama kimya kitakuwasha.

Ulinipigia kesho yake, na kwa wasomaji waliobaki wanauma kucha, hivi ndivyo ilivyokuwa. Trevor aliipokea diski, akaigeuzageuza. Akauliza, “Umesikiliza yote?” Ukasema yote. Akanyamaza, na wewe ukanyamaza, jambo ambalo umeniapia halijawahi kutokea katika ndoa yenu. Mwishowe akasema, “Ubavu bado unauma.” Akapandisha shati mwenyewe, polepole, kwa mkono wa kushoto, akakuonyesha. Ulisema palikuwa na rangi zote za majani yanayokauka mwisho wa kiangazi. Ulikwenda kuleta barafu.

Baadaye alicheka, ukacheka, mkala chakula kimepoa. Nafurahi. Lakini kicheko hakizuii mtu kuteleza, basi sikilizeni wote wawili.

Huo ubavu uonwe na daktari wiki hii, si wiki ijayo. Mumeo akikwambia unapona, mwambie daktari ndiye atakayesema.

Halmashauri ina watu ambao kazi yao ni kuja kutazama bafu na ngazi na kusema chuma cha kushikia kiwekwe wapi na kiti cha kuogea kiwe cha namna gani. Simu apige Trevor. Atachelewa kuelezea, atarudia maneno, utatamani kumnyang'anya simu. Nenda nje ukapalilie. Mpaka vyuma hivyo viwekwe, hakuna kuoga nyumba ikiwa tupu, na hilo si la kujadiliwa. Mwulize pia daktari kuhusu kile kitufe cha kuvaa shingoni ambacho ukikibonyeza mtu anakuja. Trevor atasema ni cha vikongwe. Mwambie mchomeleaji aliyevaa barakoa ya chuma usoni maisha yake yote hawezi kushindwa na mkufu.

Diski msiitupe. Tathmini hurudiwa, na watu husahau walichosema. Itunzeni na barua, na safari ijayo ombeni tena irekodiwe, si kwa kuwinda mtu, bali ili kila mmoja chumbani ajue maneno yake yana uzito. Mwandikie Yvonne mistari miwili ya kumshukuru kupitia kampuni yake. Wapimaji hupata matusi kwa magunia na shukrani kwa kijiko.

Kazi usiache. Na kwaya rudi, wenzako wanakungoja, sauti kama bomba lililopasuka ina mahali pake duniani, na mahali pake ni safu ya pili ya waimbaji.

Limebaki lile ulilonieleza mwisho kwa aibu kidogo, kwamba Trevor amekubali kuoga ukiwepo lakini ameweka masharti: mlango urudishwe usikomewe, wewe usisimame hapo, ukae kwenye ngazi, na usimuulize kama yuko salama kila dakika. Ukaniuliza kama ukubali masharti ya mtu asiyeweza kusimama sawasawa.

Kubali. Ni bafu lake na ni mwili wake. Chukua mto, kaa kwenye ngazi. Akikuita, nenda mbio. Asipokuita, kaa hapohapo usikilize maji.

Bi. Muriel