Darasa la Bibi Apolinaria

Usoke, 12 Agosti 1975

Dada Skolastika,

Shikamoo. Sisi wazima, na tumbaku imekauka vizuri.

Bibi tulimzika Jumamosi. Walijaa wazee aliowafundisha kusoma miaka yote bila malipo. Katekista akanipa Biblia: "Mjukuu, tusomee Zaburi." Nikasema nimesahau miwani. Jirani yetu Mama Eustadia akaipokea, akasoma polepole mpaka mwisho. Nilitazama chini. Bibi alinilea, nami nililikwepa darasa lake, nikiona haya kukaa benchi moja na vikongwe.

Jana nilikwenda kwa Mama Eustadia.

"Marko, miwani hujapata kuwa nayo," alisema. "Keti."

Barua hii ananiandikia yeye. Jina tu nimeandika mwenyewe. Usinicheke.

Mdogo wako,
Maliko