Mume Wangu Anapima Presha kwa Simu, na Mama Mkwe Anadhoofika

Mshauri wetu, nakusalimu kwa heshima, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nikianza katikati utadhani mimi ni mchawi, na nikianza mwanzo utadhani mume wangu ni mwehu, na ukweli ni kwamba nyumbani kwetu sote ni watu wa kawaida kabisa.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa makochi, karakana yetu ni chumba cha mbele, yeye na sponji zake upande huu, mimi na vitambaa vyangu upande ule, na mama yake mzazi anaishi nasi tangu alipofiwa na mumewe. Mama mkwe ana presha. Muuguzi wa zahanati alimwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, akasisitiza kwamba asiache hata akijisikia mzima, na mama alikuwa anameza bila vita yoyote mpaka siku mume wangu alipopakua kwenye simu ile programu ya kupima presha.

Hiyo programu haitaki kifaa chochote, mshauri. Unaweka kidole juu ya kamera, taa inawaka, duara linazunguka, halafu sauti ya mwanamke mpole, mpole kuliko mimi, inasema, "Hongera! Presha yako ni nzuri." Mume wangu akajipima, safi. Akampima mama, safi. Akanipima mimi, na wakati huo nimetoka kugombana na mteja aliyedai nimembania gauni wakati aliyenenepa ni yeye, mishipa ya kichwa inanigonga kama mlango wa mdaiwa, na mimi nikatoka safi. Nikashangaa, lakini nani atabisha na simu?

"Mama, hivi vidonge ni vya nini tena?" mume wangu akamwambia. "Umesikia mwenyewe uko mzima. Hawa wa zahanati wanagawa dawa kwa mazoea tu."

Mama akatabasamu. "Kama umesema wewe, baba, basi."

Pakiti ikapandishwa juu ya kabati, na mtaani habari zikapaa. Mtu akija kuulizia kochi anapimwa, akija kuuliza njia anapimwa, baadaye wakaanza kuja wasiotaka kochi wala njia, wanakaa kwenye benchi wamekunja mikono ya mashati ingawa kinachopimwa ni kidole. Wakamwita Dokta Makochi. Na mshauri, lazima nikueleze hili ili unielewe: kazi ilikuwa imepungua sana, watu siku hizi wananunua makochi yaliyotengenezwa tayari, na mume wangu alikuwa anashinda na nyundo mkononi bila msumari wa kupiga, hasemi, hali vizuri, hata kunitania alikuwa ameacha, na mume wangu huyu ni mtu wa utani. Sasa anaamka anapiga mluzi, anatembea kifua mbele, anawaambia watu wazima, "Vuta pumzi, mzee wangu, usijikaze." Nilimwonea raha. Nikanyamaza.

Basi siku moja niko jikoni nakata nyanya, yeye kaenda kuoga, simu yake iko mezani inachaji, na sijui nini kilinipanda kichwani, nikachukua nyanya moja nzima nikaiweka juu ya kamera. Taa ikawaka. Duara likazunguka. "Hongera! Presha yako ni nzuri. Punguza mawazo na upate usingizi wa kutosha." Nikadhani nimekosea, nikachukua nyingine, iliyoanza kulainika. Hiyo ndiyo ilitoka nzuri zaidi.

Mume wangu alipotoka bafuni nikajikaza nikamwambia, "Baba watoto, nimepima nyanya, presha imetoka safi kabisa." Nilitaka nione uso wake. Lakini watoto wetu wanamwita bibi yao nyanya, mshauri, na huyu mwanaume akanishika bega, macho yamemjaa upendo, akasema, "Umeona? Na wewe umeanza kuamini! Nilijua tu mama yangu yuko imara." Akaenda zake anapiga mluzi. Mimi nikabaki na kisu mkononi, na sikuweza tena kumwita nikamwambia ni nyanya ya kachumbari.

Nikajaribu kwa mama. Nikamdokeza tukiwa karakanani kwamba pengine angerudia vidonge vyake, na yeye, huku mwanawe anasikiliza, akanijia juu: "Mwanangu kasema nimepona, wewe unataka niumwe kwa faida ya nani?" Nikaona aibu hadi nikashona mkono wa blauzi upande usio wake.

Sasa ndipo napofika penyewe. Niliogopa mama asije akaanguka siku moja na kiharusi, nikachukua ile pakiti juu ya kabati, na tangu hapo kila asubuhi naponda kidonge kwa kitako cha kikombe, namtilia kwenye chai. Chai ikawa chungu. Nikaongeza sukari, nikaongeza tangawizi, mama akawa anawaambia majirani kwamba mke wa mwanawe amezeeka hajajua kuchemsha chai, nami nikayabeba matusi hayo nikijua moyoni kwamba namwokoa, na kila simu ikisema "Hongera" mume wangu anaisifu simu, hanisifu mimi.

Lakini hivi karibuni mama amebadilika. Akisimama anayumba. Anasinzia mchana kutwa, anasema dunia inazunguka. Juzi aliinuka kwenye kiti akaenda chini kama kanga iliyokatikiwa na kamba, bahati yake akaangukia kwenye rundo la sponji, na mume wangu badala ya kumwinua akakimbilia simu. "Presha safi, mama! Ni njaa tu hiyo." Mimi nimefikiria sana, nikaona labda presha imepanda kuishinda dawa, na kidonge kimoja hakimtoshi tena. Kwa hiyo nakuuliza, je, nianze kumtilia viwili? Au nimwambie mume wangu kila kitu, nimvunjie heshima mtaa mzima, arudi kukaa na nyundo yake bila kusema? Namba yangu nimeandika hapo chini, ila ukipiga jioni nitajifanya wewe ni mteja wa gauni.

Mke wa Dokta Makochi

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nilianza kuisoma nimekaa. Nilipofika hapo pa "viwili" nilikuwa nimesimama na simu sikioni. Barua nyingine husubiri zamu yake gazetini, yako haikuwa ya kusubiri. Wasomaji, nilimpigia hapohapo, akapokea akaniita mteja, nikamwambia gauni baadaye, usimtilie mama hata nusu ya kidonge, mwamshe mumeo kwenye hiyo ndoto yake, mwende zahanati sasa hivi wote watatu. Walikwenda. Yaliyotokea huko amenisimulia mwenyewe na ameniruhusu niyaandike, kwa hiyo nisisikie mtu anasema mshauri ana mdomo.

Muuguzi alimfunga mama mkono kwa kipimo cha kweli, kile kinachobana. Akapima, akakunja uso, akapima tena. Presha haikuwa juu. Ilikuwa chini mno.

"Mama huyu anameza dawa?" akauliza.

"Hapana," akasema mume, kifua mbele. "Aliacha."

"Anameza," akasema mke, macho chini. "Ila mwenyewe hajui."

"Nameza," akasema mama, "na najua vizuri sana."

Muuguzi akaweka kalamu chini.

Ikawa hivi. Mama hakuacha dawa hata siku moja. Alipoona pakiti imepandishwa kabatini, alijidai anakwenda kumsalimia shoga yake, akapitia zahanati akachukua pakiti nyingine, akaificha ndani ya foronya ya mto yenye zipu, na kila asubuhi akawa anameza chake kabla hajatoka chumbani. Akitoka anakuta chai, na ndani ya chai kuna kingine. Vidonge viwili kila asubuhi, na simu inasema hongera. Wewe mwanangu ungeongeza hicho cha tatu, leo ningekuwa nakuandikia pole.

Mumewe akamgeukia mama yake: "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" mama akasema. "Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu kazi ilipopungua. Nikasema acha anipime, kidole changu kitapungua nini?"

Hapo, mke akaona naye aseme lake, akasimulia habari ya zile nyanya, safari hii akitaja wazi kwamba ni za jikoni. Mume hakuamini. Akampa muuguzi simu aijaribu. Muuguzi akailaza juu ya meza ya mbao, duara likazunguka, meza ikapewa hongera. Wanasema mume alikaa chini polepole kwenye kiti cha wagonjwa, na mama yake akamsogelea akamshika mkono. Mama alibakizwa pale mpaka presha iliporudi mahali pake. Sasa anatembea bila kuyumba, na ameniagiza niseme kwamba chai ya mkamwana wake haina tatizo.

Sasa nije kwenu, na sitambembeleza mtu.

Wewe mke: nia yako ilikuwa nzuri na ulichofanya kilikuwa kibaya. Mtu mzima mwenye akili zake hapewi dawa kwa kuviziwa, hata ukimpenda kama roho yako. Asiyejua anachomeza hawezi kumwambia muuguzi anachomeza. Na ulipoona anadhoofika ulitaka kuongeza dawa kwa kukisia, kitu kilekile ulichokuwa unamlaumu mumeo. Tena uliandika barua kwa gazeti ukaacha kuvuka barabara kwenda zahanati! Ungesema "nyanya ya kachumbari" siku ile ile, mngecheka siku hiyo na mambo yangeisha.

Mama, shikamoo. Nakuheshimu, lakini na wewe usijifiche. Ulimlinda mwanao asiumie moyo, matokeo yake nusura akuzike.

Na wewe baba, najua utasomewa haya. Sikucheki. Kutaka kufaa watu si kosa, na si kila kilichomo kwenye simu ni takataka. Ipo programu ya kukukumbusha saa ya dawa, iitumie. Ipo inayokuunganisha na daktari mwenye jina, cheo na mahali anapopatikana, nayo ni msaada kwa aliye mbali. Lakini kabla hujaiamini, uliza imetengenezwa na nani, na ni mtaalamu gani anayesimama nyuma yake. Soma yale maandishi madogo ya chini ambayo wewe uliyaruka. Mara nyingi humo ndimo wanamoandika kwamba ni ya burudani tu. Na kamera ya simu haina mkono wa kubana mshipa. Ukitaka kuwapima watu presha, muuguzi amesema yuko tayari kukufundisha kutumia kipimo cha kufunga mkononi, na kwamba ambaye vipimo vyake si vizuri umpeleke kwake, usimpe ushauri wako. Nenda ukajifunze. Mkeo anasema una mkono mtulivu na watu wanakuzoea upesi. Hiyo ni nusu ya kazi.

Dawa ya mama ni moja, anaimeza mwenyewe, mbele yenu, asubuhi. Kubadilisha, kupunguza, kuacha, yote hayo yanaamuliwa zahanati. Akiyumba tena hamumpimi, mnampeleka.

Na limebaki moja, nalo ndilo zito. Kuna watu walikaa kwenye lile benchi wakatoka wameambiwa ni wazima, na sio wote wana mama mjanja wa kuficha vidonge kwenye mto. Kesho, baba, usifungue karakana. Piga hodi nyumba kwa nyumba, kwa kila uliyempima, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea na aende akapimwe. Utaona aibu, na baadhi watakucheka. Nenda hivyohivyo, na uanze na wale waliokushukuru zaidi, kwa sababu hao ndio waliokuamini.