Mkono kwa Kamanda

Jumatatu, 3 Juni
Karanga zimeungua upande mmoja, nimeuza hivyohivyo mlangoni mwa sine yetu. Chumba cha udongo cha kuonyeshea filamu, televisheni moja, jenereta inayokohoa. Mume wangu Ramazani anafasiri filamu papo hapo, kwa sauti ya kutisha. Leo vita tena. Waasi wote vitambaa vyekundu kichwani, wote wanacheka vibaya. Shujaa anaingia kambini bila silaha, anampa kamanda mkono, mambo yanakwisha. Vijana wakapiga miluzi. Nimemchoka shujaa huyo.

Jumatano, 5 Juni
Barabara ya Salamabila imefungwa. Juma, mdogo wake Ramazani, alikuwa huko na pikipiki yake. Wamemshika waasi, vijana wa porini. Si wageni. Shangazi yao mmoja tunauza naye bega kwa bega sokoni, yeye mihogo, mimi karanga. Naogopa.

Alhamisi, 6 Juni
Vijana wa sine wamemzunguka Ramazani. Aende yeye kumtoa Juma, eti waasi anawajua, kila siku anasema kwa vinywa vyao. Akatabasamu! Nimekasirika.

Kwetu ni Kabambare, nimemwambia ninachokijua. Kijana aliyeoshwa kwa dawa ya vita haguswi. Ukimgusa, dawa imekufa, risasi itampata. Simama mbali, piga makofi polepole, taja ukoo wako, ngoja. Na shangazi yao atangulie.

"Ile ni mambo ya kijiji, mama Zena. Mukubwa na mukubwa wanapeana mukono."

Sikio la kufa halisikii dawa. Najuta kuiandika methali hii.

Ijumaa, 7 Juni
Ameondoka baada ya swala. Viatu vya ngozi, shati jeupe. Hakumngoja shangazi. Vijana wa sine walimpungia mikono kama anakwenda kuoa.

Jumapili, 9 Juni
Kimya. Yule mama wa mihogo hakuja sokoni, na hakuna aliyekalia nafasi yake. Hilo limenitisha kuliko habari yoyote. Mama mkwe amepata amani: hajasikia bunduki, basi hakuna vita. Hayo amefundishwa na televisheni yetu.

Jumanne, 11 Juni
Juma amerudi. Kwa miguu. Peke yake.

"Alimupatia mukono," amesema, kisha akakaa chini.

Kamanda ni kijana mwembamba, kandambili na jezi ya mpira. Ramazani alimpita, akaulizia mkubwa wao. Alipoonyeshwa, alimrudia mbio, akamshika mkono kabla mtu hajafungua kinywa. Yule kijana akalia. Kwa woga, anasema Juma, kama mtoto. Wenzake wakampeleka Ramazani nyuma ya nyumba, wakiwa na panga. Juma wakamwachilia, kosa si lake.

Sina machozi. Nina hasira tu, na hasira yenyewe ni kwa maiti.

Alhamisi, 13 Juni
Matanga. Vijana wa sine wamejaa uani. Wanasimulia jinsi Ramazani alivyonyang'anya bunduki, akaangusha watatu. Nimewaambia hakuna risasi iliyolia. Wamenitazama kwa huruma, mjane amechanganyikiwa.

Ijumaa, 14 Juni
Mama mkwe hajala tangu Jumanne. Asubuhi amemwita Juma.

"Niambie namna mutoto wangu alipigana."

Juma akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba aseme. Akaanza taratibu. Akatia bunduki, akatia moshi, Ramazani akisimama katikati yake.

Mama amekunywa uji, bakuli zima. Nimeliosha, nimelirudisha kabatini.