Mie na Dele Langu Hatuendi Mbezi Beach

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya mashine ya kusaga,
Chanika, Dar es Salaam.
13 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Mazin,

Assalam alaykum. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba. U hali gani huko Maskati? Goti je, lile la kushoto? Ibtisam mkeo hajambo? Sie huku tuko wazima. Idi tuliisali salama, masika yameanza, barabara yetu imekuwa bwawa la bata, na tunapita hivyo hivyo.

Mie nina miaka themanini na mbili. Shilingi zenye kichwa cha mfalme zimekufa nikiwa hai. Duka letu la Temeke limekufa nikiwa hai. Nimemzika mama Wahiba, Mungu amrehemu, na nimewazika madaktari wawili walionikataza kahawa, wa kwanza nilimpita miaka tisa. Nakutajia haya ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kupangiwa pa kulala.

Naandika kwa mkono wangu. Skuli unajua niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mistari ikipanda mlima uisamehe. Ningekupigia simu, lakini kila nikiongea na wewe binti yangu Wahiba yuko pembeni ananisahihisha, kama vile maisha yangu kayaishi yeye. Barua ataileta mwanao Usama akirudi Alhamisi. Nimeifunga kwa gundi ya kuzibia mpira wa baiskeli. Ukikuta imefunguliwa muulize yeye.

Kwanza mashine yako ya kahawa. Ahsante, imefika nzima. Nimeiwasha mara moja. Ikakoroma kama mtu mwenye mafua, ikatema maji ya kahawia, ikazima taa yake yenyewe kwa aibu. Sasa iko juu ya kabati, nimeifunika kile kitambaa alichodarizi marehemu. Wageni wanadhani ni redio. Sijawakatalia.

Kahawa, Mazin, umesahau. Umekaa mno kwenye viyoyozi. Buni unaichambua kwa vidole, mbovu moja inaharibu dele zima. Unaikaanga kwenye chungu, moto wa wastani, mwiko usisimame hata ukiitwa na mkuu wa mkoa. Ukiepua, unaimwaga kwenye ungo ipoe, wala usiifunike, itatoka jasho. Kwenye kinu unaitwanga kwa adabu, ibaki chenga chenga, maana unga wa kupaka usoni huo hautulii chini. Maji yachemke kwanza ndani ya dele, ndipo kahawa iingie, na tangawizi iliyopondwa, na iliki mbili, si tatu. Iache ipande na kushuka mara tatu, halafu dele likae pembeni kwenye majivu ya moto mpaka litulie. Sukari ikae kwenye kashata, huko ndiko kwao. Hivyo ndivyo alivyopika baba, na mie nampita baba. Alilikubali hilo mwenyewe kabla hajafa, wewe ulikuwa umeshaondoka.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Wahiba kaniambia wewe ndiye uliyesema nihamie kwake Mbezi Beach, ghorofa ya nne, na kwamba mzee wa umri wangu asiachiwe moto. Huko mkaa ni marufuku, mlinzi anapita anakagua. Eti nitapewa chumba kinachotazama bahari. Bahari nimeitazama miaka themanini, ina jipya gani?

Najua ulivyosikia. Umesikia nimeunguza nyumba. Nyumba haikuungua. Kilichoungua ni chungu kimoja cha buni, ukatoka moshi, na jirani yangu Mwishehe, fundi pikipiki, akaruka ukuta na ndoo, akamwagia maji chungu, jiko na mie mwenyewe. Nilikaa pale nimelowa kama kifaranga. Nikamwambia, "Mwishehe, moto uko huku, mie ni Muhsin." Akasema, "Babu, moshi ulikuwa mwingi, nilimwagia chochote kilichokuwa kinatikisika."

Lakini wewe nitakwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu. Tangu ile homa iliyotupitia wote, mie sinusi. Miaka minne sasa. Sinusi iliki, sinusi udi, samaki wa Kunduchi aliyelala siku mbili akipita mbele yangu nampa salamu. Na unajua kahawa watu wote wanakaanga kwa pua.

Mie nikajifundisha kukaanga kwa sikio. Buni inasema, Mazin. Kwanza inalia ta, ta, ta, kama mbaazi kavu. Halafu inanyamaza. Halafu inalia mara ya pili, kidogo kidogo, kama chumvi kwenye moto. Hapo hapo unaepua. Miaka minne nimewanywesha watu mtaa mzima na hakuna aliyejua kwamba pua yangu ni pambo. Nitajie mtu mwingine aliyefanya hivyo, huko Maskati au popote.

Siku ile ya moshi ilikuwa saa kumi jioni, nyumba ya pili wana kigodoro cha harusi, maspika manne yanapiga singeli mpaka vyombo vinacheza kabatini. Buni ililia, sikuisikia. Basi. Sikusahau, sikusinzia, wala akili haijachacha. Spika ndizo zilizoniunguzia kahawa.

Jumapili iliyopita Wahiba akaja na gari. Begi la nguo zangu alishalifunga kabla hajanisalimia vizuri. Nikamwambia siendi. Akasema, "Baba, Ami Mazin ameshasema." Nikamwambia Ami Mazin nilimfunga nepi mimi. Tukabishana mpaka chai ikapoa, mwisho akasema, "Haya, kaanga mbele yangu. Ukiunguza, unapanda gari leo, na dele linabaki. Na shahidi asiwe Mwishehe, nyie ni pete na kidole."

Basi tukamwita Mwalimu Gozbert, mstaafu wa Bukoba, kajenga hapa mwaka jana. Akaja amevaa koti. Kitu cha kwanza akasema, "Kwetu kahawa hatunywi, tunatafuna." Nikamwambia, "Mwalimu, leo meno yapumzike."

Nikakaa barazani chini ya bati, nikawasha jiko, nikatia buni. Mwishehe hakualikwa ila alikuwepo, kajifanya anatengeneza cheni. Buni ikaanza kubadilika rangi. Nimeinamisha kichwa, nasikilizia. Na hapo hapo, Mazin, mvua. Si manyunyu. Mvua ya masika juu ya bati, hata mtu ukimwambia sikioni hakusikii. Nikatazama buni, nikatazama begi langu limekaa pale mlangoni kama mgeni anayesubiri lifti.

Mie siku zote namwona Mwishehe anavyotafuta ugonjwa wa injini. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini kwenye sikio, anasikia kila chuma kinacholalamika humo ndani hata barabara ikiwa na kelele vipi. Basi nikaukandamiza mwiko mpaka kitako cha chungu katikati ya buni, mpini nikauweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Nikakoroga hivyo hivyo kwa shingo, kama kuku anayejikuna.

Wahiba akapiga kelele kuishinda mvua, "Baba, unafanya nini? Unaumwa?" Mwalimu akavua miwani, akaivaa tena. Nikazidi kusikiliza. Ta, ta, ta, inakuja kwenye mti mpaka kwenye taya. Ikanyamaza. Nikangoja. Jasho linaniingia machoni, mkono mmoja unataka kuepua, nikauambia utulie, mwenye kazi ni sikio. Ikaja ile ya chumvi. Nikaepua, nikaimwaga kwenye ungo. Rangi ya mbao ya mpingo uliopakwa mafuta. Hakuna punje iliyoungua, hata moja, na Mwalimu alichungulia kwa miwani.

Wahiba alizichambua punje kwenye ungo mpaka mvua ilipopungua. Halafu akaniuliza polepole, "Baba, tangu lini hunusi?"

Nikatwanga kahawa yangu. Nilikuwa nina kazi.

Nilipomimina, alianza Mwalimu. Unakumbuka baba alivyotufundisha, mgeni akitosheka anakitikisa kikombe mkononi, asipotikisa unammiminia. Mwalimu hilo halijui. Kamaliza, kashika kikombe kakituliza kwa heshima, nikammiminia. Kamaliza, nikammiminia. Vikombe saba. Cha saba macho yalikuwa yamemtoka kama mtu aliyeitwa polisi, na bado anasema "ahsante mzee." Mwishehe ndiye aliyemnong'oneza, "Mwalimu, tikisa hicho kitu, utakufa."

Lakini Wahiba anajua. Amekulia kwenye mkeka wa dele hili hili, alikuwa anatikisa kikombe kitupu kabla hajajua kutembea. Nikammiminia, akanywa anatazama matope barabarani. Akamaliza. Akakishika kikombe. Nikangoja atikise.

Baadaye alilirudisha begi ndani mwenyewe, akapanga nguo kwenye kabati chini ya mashine yako. Akatoa masharti: jiko lisiingie ndani ya nyumba, na siku ya maspika nisikaange. Nimekubali hilo la maspika, kwa sababu nilishaliamua mwenyewe. Ila akasema, "Ami Mazin ndiye aliyesema uhame, na mie siwezi kuruka neno la ami yangu. Atengue yeye."

Kwa hiyo tengua. Sikuombi, nakuagiza, mie ndiye mkubwa. Mpigie Wahiba useme maneno matatu tu: kaka abaki kwake. Usipopiga, mie nitabaki vile vile, ila mwanangu atakuwa amebeba lawama ya kukuvunjia neno, na hilo sitaki.

Nisalimie Ibtisam sana, na Noor mjukuu wako, mwambie babu yake wa Chanika anacho kinu chenye umri mkubwa kuliko skuli yake. Usama nimempa buni kilo moja, ukaange mwenyewe, fungua dirisha, zima kiyoyozi, sikiliza. Mola akupe goti jipya na masikio yasiyochoka, akukutanishe na mie kwenye mkeka mmoja kabla mmoja wetu hajafunikwa.

Na kama utasema Muhsin anajisifu kama kawaida yake, mashahidi ninao. Muulize Mwishehe, alikuwepo na cheni yake. Muulize Mwalimu Gozbert, asiyesema uongo na ambaye siku mbili hakupata usingizi. Halafu ukimpigia Wahiba, kabla hujasema lolote, muulize hili moja: kikombe alikitikisa, au hakukitikisa?

Ni mie kaka yako, mbishi wako akupendaye,

Muhsin