Osia, Majani Yaliwekwa

Osia ndugu yangu,

Nakuandikia kutoka Laela, kwenye gesti ile tuliyopanga kulala mwaka jana, hukufika. Nimeingia wa mwisho. Vijana wa Vwawa ninaoendesha nao walishaoga na kula wali maharage, na mmoja akaniuliza kama nimekuja kwa baiskeli au nimeisukuma. Nikamjibu yote mawili. Ungecheka kuliko wote, maana ni wewe uliyeniita gunia la mpunga lenye pedeli.

Tulitoka Tunduma asubuhi, baridi inauma masikio. Foleni ya malori ya mpakani imelala pale pale ulipoiacha, tukapenya katikati yake. Mama mmoja wa ng'ambo aliyebeba ndoo ya samaki akanisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, batata," yaani hujambo baba, kisha akalitazama tairi langu la nyuma kwa huruma. Mbele ya Chiwanda upepo ukageuka, ukaja usoni. Ningekuwa nawe ningejificha nyuma yako kama kawaida yangu. Leo nimeumeza wote mwenyewe.

Sikutaka kufika kwenye ule mteremko baada ya Ndalambo. Nilisimama mara mbili kujaza upepo kwenye tairi ambalo halikuhitaji upepo. Ulikuwa ukisema kushika breki kwenye mteremko ni kumkatalia Mungu zawadi. Leo nimeukataa wote. Nimeteremka kwa miguu, baiskeli mkononi, mpaka kwenye kona ulipolikuta lori alilokuwa akiliendesha Sefu limesimama, limekatika ekseli.

Hapana kitu pale, Osia. Nilidhani nitaona hata doa. Lami ni lami tu.

Mama yako hajatulia tangu siku ile. Unakumbuka? Hapana, utakumbukaje. Sefu alikuja msibani na kanzu yake, kabeba mchele na sukari, akaapa kwamba utingo wake alikata matawi mabichi na kuyatandaza tangu juu ya kona, kama madereva wote wanavyofanya gari likiwaharibikia njiani. Mama yako akamwambia, "Rudi na mchele wako. Umeniulia mtoto kwa uvivu wa kukata majani." Watu wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nyuma yako. Nikasema nilichokiona: nilipofika, hapakuwa na jani hata moja. Ni kweli, hapakuwa. Tajiri wake akamnyang'anya gari. Siku hizi anabeba mizigo mpakani, na tukikutana hupitia upande wa pili wa barabara.

Basi leo nimesimama pale, kofia mkononi, mama mmoja anayechemsha mahindi kando ya barabara akaniita.

"Kaka, wewe si yule mnene wa siku ile?"

Nikamwambia ndiye, ila nimepungua. Akasema hajaona nilipopungua. Akanipa maji, akanipa na kigoda, halafu akarudi kuchochea moto wa mahindi yake. Kisha akasema bila kunitazama, "Yale majani yaliwekwa. Mbuzi wangu ndio walioyala."

Kilikuwa kiangazi, Osia, kila kitu kimekauka, na utingo kakata matawi mabichi kabisa. Mbuzi wakapanda kutoka bondeni wakayafagia yote, Sefu na mwenzake wakiwa chini ya gari wanahangaika na ekseli. Yule mama alikuwa anakimbia na fimbo kuwafukuza. Hakuwahi. Aliusikia mlio wa baiskeli yako ikiligonga lori akiwa bado upande wa huku wa barabara.

Nikamuuliza mbona hakusema. "Ningeanzaje, kaka? Mtu amelala pale, niseme mbuzi?"

Nimekula hindi lake kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Mbuzi walikuwepo hapo hapo, wanatafuna gunzi la hindi nililolitupa, wananiangalia.

Na ungefunga breki. Hilo ndilo linalonisumbua tangu saa ile. Uliringia mteremko, lakini majani uliyaheshimu siku zote, ungeyaona ungefunga.

Sasa mama yako. Anaamka kwa hasira ile, bwana. Ndiyo inayomtoa kitandani, ndiyo inayompeleka kanisani na kumrudisha. Nikimwambia ni mbuzi, atamchukia nani? Nimefikiria kunyamaza. Kutoka Ndalambo mpaka hapa nimefikiria hilo tu, hata vilima sikuviona, nawe unajua mimi kilima huwa nakiona tangu kijiji cha jirani. Lakini kuna mtu anabeba magunia pale mpakani kwa kosa ambalo halikuwa lake, na wanaojua ni mimi na yule mama wa mahindi.

Kesho vijana wanaendelea Sumbawanga, halafu Mpanda, mpaka Kigoma ziwani, safari ile tuliyoiota wewe na mimi. Mimi nageuza. Nimewaambia goti limegoma, wameamini haraka mno mpaka nimeona aibu.

Lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi mama yako atalisikia kutoka kinywani mwangu, si kwa watu wa sokoni. Nitakaa hapo hapo mkekani mpaka amalize kunitukana na kulia. Halafu nitamwomba twende wote kwa Sefu. Akikataa, nitakwenda peke yangu.

Wako,
Gunia