Kipindi cha Wanawake Bwawani

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu ndiye mwalimu wa kuogelea kwenye bwawa la jiji. Ameajiriwa! Yule yule niliyembeba mgongoni nikiuza ndoo na mabeseni, leo ana filimbi shingoni na fulana imeandikwa MWALIMU mgongoni. Nimemgeuza mara kadhaa niisome vizuri.

Bwawa lenyewe ni lile la ndani ya bustani ya jiji, lililokauka hata yeye hajazaliwa. Majani yalikuwa yameota kwenye vigae. Sasa lina maji ya buluu, vyumba vya kubadilishia nguo, na taa njia nzima. Jukwaa la bendi nalo limeezekwa. Vyote kwa ushuru wetu wa soko na kodi ya majengo. Diwani aliposema sehemu ya pesa ile itakwenda kwenye bustani, sokoni tulidhani anatuimbia tu. Kumbe kweli.

Baba yake kasema "vizuri" tu, akaenda kuoga. Lakini nimemsikia anaimba bafuni.

Jumatano, 5 Machi

Soko zima linajua. Mama Vitunguu nimemwambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa na mteja na sikuridhika na mshangao wake.

Sasa kuna jambo. Mwanangu ameomba kipindi kimoja kila asubuhi kiwe cha wanawake peke yao. Mlango ufungwe, waokoaji wawe wanawake. Meneja wa bwawa, mama mmoja asiyecheka ovyo, kakubali shingo upande. Siku ya ufunguzi, Jumamosi ya tarehe 22, atatazama. Wanawake wakiingia majini, kipindi ni chao. Wakija kukaa pembeni na mikoba, kitapewa klabu ya mashindano.

Sokoni wamenisikiliza wamekunja mikono. Mmoja, atavaa nini. Mwingine, nywele zake je. Muuza mayai anasema maji marefu hayana adabu. Nikapandwa na hasira. Nikawauliza: mkusanya ushuru akipita si mnatoa? Maji yale mmeyalipia. Mlipie maji halafu muogope kulowa? Basi mimi nitatangulia. Kabla ya mtu yeyote, mimi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anauza vitambaa meza ya mbele. Akasema bila kuinua kichwa, "Wewe? Maji unayoyajua wewe ni ya beseni."

Wakaangua kicheko. Hata mimi. Lakini neno langu sikulifuta.

Sijawahi kuingia maji yaliyopita magoti.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu kasikia — si kwangu, kwa Mama Vitunguu. Kaja meno yote nje. "Mama, kweli utatangulia? Meneja nimeshamwambia." Nikamjibu ndiyo, kwani kuna nini. Nikaenda jikoni, nikakaa.

Jumanne, 11 Machi

Fundi cherehani ananishonea nguo ya kuogelea. Mikono mirefu, suruali mpaka vifundoni, sketi juu yake. Akiwa ananipima kiuno kauliza, "Dada, hii ni ya kuogelea au ya kupanda mlima?" Nimemwambia ashone, asihoji.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeingia. Mwanangu kanichukua kabla wafanyakazi wengine hawajafika. Maji kifuani, nimeukumbatia ukingo kama nimesakafiwa nao.

Nyumbani huyu mtoto hupoteza funguo, huacha mlango wazi. Majini ni mtu mwingine. Sauti chini, macho hayanibanduki. "Mama, puliza mapovu tu." Nikapuliza. "Tena." Nikapuliza tena. "Vizuri." Sijui lini mara ya mwisho mtu aliniambia vizuri. Nikapuliza mara ya tatu bila kuambiwa.

Ukingo sikuuachia.

Tukitoka tumepita bustanini. Bendi ya vijana inafanya mazoezi jukwaani, tarumbeta moja inakosea pale pale kila wakifika. Wachoraji wako juu ya ngazi, wanachora samaki wakubwa ukutani. Nikamwambia mmoja kuwa ukuta huu ni wetu. Akaitikia, "Wetu, mama." Nikasema hapana, elewa, pesa yangu imo kwenye rangi hiyo. Akauliza basi ningependa yangu aipake wapi. Nikamwonyesha jicho la yule samaki. Kalipaka nikiwa nimesimama hapo hapo.

Jumatatu, 17 Machi

Mkono mmoja nimeachia.

Jumatano, 19 Machi

Mwanangu kanikalisha kitandani kwake. Mama, anasema, naweza kumwambia meneja unaumwa, mwingine atangulie. Nikamuuliza nani. Hakuna mwingine. Sokoni wote wanasema wataingia wakishaniona mimi. Nikiganda pale, hakuna atakayevua hata kiatu, na kipindi cha mwanangu kimekwenda.

Nikamwambia mama yako haumwi.

Kanitazama, halafu akasema kesho mikono yote miwili.

Alhamisi, 20 Machi

Yote miwili! Nimelala chali juu ya maji, kiganja chake chini ya mgongo wangu. Masikio yamezibwa na maji, sisikii soko wala mtu, namwona yeye tu ameniinamia. Halafu nikaogopa, nikasimama, nikameza maji. Lakini nililala.

Alasiri wifi kaja. Kaongea bei za vitambaa weee, hamalizi. Mwisho, anatazama dirishani, kauliza maji ni ya baridi? Mwanzo tu, nikamjibu. Na yule fundi ana nafasi kweli? Nikanyanyuka kumpeleka mwenyewe. Njia nzima sikucheka, nimejiuma midomo mpaka inauma.

Ijumaa, 21 Machi

Haraka haraka tu. Nguo ya wifi imemalizwa asubuhi, anasema inambana, ameivaa chini ya gauni. Mama Vitunguu hafungui meza kesho. Muuza mayai anakuja na dada zake, eti kutazama tu. Mwanangu ameondoa viti vyote vya pembeni ya bwawa. Baba yake atakaa nje jukwaani kusikiliza bendi, ameshika taulo langu, na kila atakayepita atamwambia ni la nani.

Bila kiganja cha mwanangu bado sijaelea. Leo nimezama, nimekohoa, tumerudia, nimezama. Mwanangu hajachoka. Sasa ananiita mlangoni, jua lipo bado, anasema tukajaribu tena. Nimeshavaa, sketi na yote. Nikiweka kalamu ndiyo natoka. Wanakuja wote kesho, Jumamosi.