Mgonjwa Anayekusubiri

Kakuma, Jumapili baada ya ibada

Mwanangu Makokha,

Neema ya Bwana ikufunike huko Nairobi. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu babako hukaa karibu akisikiliza. Jua letu ni lile lile, na samaki wa ziwani Kalokol wameadimika. Babako amelitangazia kanisa zima kwamba unasomea kutibu wagonjwa wa ghafla, warudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sasa yeye mwenyewe miguu imevimba, na hulala ameketi kwa kukosa pumzi. Nilimwambia, "Kaka, twende hospitali Lodwar." Akacheka hadi akakohoa. "Nimesomesha daktari, halafu nikapapaswe na mtoto wa mtu mwingine? Rael, wacha kuniaibisha!" Juzi nilileta gari, akajifungia chooni mpaka dereva akachoka akaenda zake.

Alinikataza kukwambia, eti usikatize masomo. Mungu anajua moyo wangu. Sikuiti uje, mwanangu. Safari ni ndefu, na sidhani kama atadumu hadi ufike. Ukimaliza kusoma hii, mpigie umwambie umempa ruhusa atibiwe na daktari mwingine.

Ni mimi shangazi yako, ninayekuombea kila alfajiri,
Rael